Mama Makochi Hataki Damu ya Wifi Yake

Redio, kama mtaa ulivyombatiza wifi yake Mama Makochi, aliingia uani ameunyoosha mkono wake wa kushoto mbele kama mtu aliyebeba trei ya mayai, pamba imebandikwa kwenye mshipa, na kabla ya hodi alikuwa ameshaanza kutangaza.

"Wifi! Wifi weee! Uko wapi? Nimekutolea! Mfuko umejaa pomoni, mpaka sista akaniuliza, mama, wewe unakula nini huko kwenu?"

Mama Makochi alikuwa kibarazani kwake, amepiga goti mbele ya kochi lililovuliwa kitambaa, misumari midogo imemjaa mdomoni. Mwenye misumari mdomoni hajibu haraka, na hiyo ni faida moja ya kazi ile. Akaitema kiganjani, mmoja mmoja, huku akimtazama wifi yake kwa jicho analokadiria nalo mbao zilizoliwa na mchwa.

"Ahsante, wifi," akasema.

"Ahsante tu? Damu hiyo, sio maji ya bomba! Ukishapasuliwa utaamka niko humo ndani mwako. Utaona, hata kucheka utacheka kama mimi."

Hapo Mama Makochi akasikia baridi. Kwamba ana saratani alikuwa ameshaambiwa. Alilia siku moja, akanawa uso, akarudi kwenye makochi ya watu. Lakini kucheka kama Redio! Hilo hakuwa ameambiwa na daktari yeyote.

Ili umwelewe, inabidi ujue habari ya sufuria. Siku Mama Makochi alipoolewa, Redio, dada wa bwana harusi, alileta sufuria na mfuniko wake. Sufuria ya kawaida, ya kutosha wali wa watu kumi. Tangu siku hiyo watoto wamezaliwa, wamekua, wameoa, na sufuria bado inasemwa. Wali ukiiva vizuri, "Si sufuria yangu hiyo!" Wali ukiungua, "Mnaiua sufuria yangu!" Mama yake Mama Makochi alipofariki, waombolezaji wamekaa kwenye mikeka wanalia, Redio akapita katikati yao na chai, akawanong'oneza mmoja baada ya mwingine kwamba maji yamechemkia kwenye sufuria aliyoitoa yeye. Kwenye msiba! Masimango ni mabaya kuliko matusi, maana tusi utalirudisha, simango utalirudisha kwa nani?

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo akuwekee damu mwilini. Sufuria unaweza kuificha uvunguni. Damu utaificha wapi?

Ugonjwa wenyewe ulianza na choo. Mama Makochi alianza kuona damu, kidogo, halafu si kidogo. Akasema bawasiri, kwa sababu kazi yake ni ya kukaa na kupiga magoti, na kwa sababu bawasiri ni neno ambalo mtu anaweza kulibeba peke yake bila kuomba msaada. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini yeye alikuwa na mtu wa kumsaidia kuficha. Pale kona kulikuwa na mwanamke mmoja anauza unga wa majani kwenye vikopo vya maziwa, watu wanamwita Daktari wa Kona. Akamuuzia unga wa bawasiri. Ukiisha anamuuzia mwingine. Msimu mzima wa mvua ukaisha hivyo. Yule mwanamke hakuwahi kumwambia hata mara moja, "Dada, nenda kapime." Bado yuko pale pale konani, anauza, ananenepa, na akikutana na Mama Makochi anamsalimia kwa bashasha. Wapo wanaosema tumsamehe. Waache wamsamehe wao.

Kilichomwondoa Mama Makochi kwenye unga ni mkanda. Chini ya kochi unafunga mikanda ya mpira, unaivuta mpaka inalia, ndipo mtu akikaa asizame. Siku hiyo akavuta mkanda, usilie. Akavuta tena. Kibaraza kikazunguka, nyundo ikamtoka, akajikuta amelala juu ya sponji na mume wake anampepea na kipande cha kitambaa cha mteja.

Mume wake mtaa unamwita Baba Mpole. Ni mpole kweli, na upole wake umemfikisha pale alipo, yaani pale pale alipokuwa.

"Mama Makochi," akasema, "unaonaje tukienda hospitali? Kama hutachukia."

"Nichukie nini na niko chini hapa?"

Wakaenda. Wingi wa damu yake ukapimwa, ikaonekana saba wakati mwanamke mzima anatakiwa kumi na mbili, na aliyepima akamtazama mara mbili kuhakikisha kwamba aliyesimama mbele yake ni mwenye damu hiyo. Wakamwingiza kamera kwa njia ambayo Mama Makochi mpaka leo haizungumzii, wakaona uvimbe kwenye utumbo mpana, wakakata kipande kidogo cha nyama wakakipima. Saratani. Haijasambaa, walivyoona wao, lakini lazima itolewe.

Daktari mpasuaji alikuwa mwanamke mfupi, amevaa viatu vya plastiki, na mikono yake midogo kama ya mtoto wa shule. Mama Makochi aliitazama mikono ile kabla hajamtazama usoni. Fundi ni fundi. Akajisemea, hii itapita popote bila kuchana.

"Mama," daktari akasema, "nina kazi mbili na wewe. Ya kwanza ni kutoa uvimbe. Ya pili ni damu yako. Umevuja muda mrefu. Nikikupasua hivi ulivyo, itanilazimu nikuwekee damu ya watu, tena sio mfuko mmoja."

"Na ukiniwekea?"

"Damu inaokoa, sikatai. Lakini kwenye upasuaji huu tumeona jambo. Wanaowekewa damu wengi wao vidonda huchelewa kukauka, wanapata homa, usaha, wanakaa wodini mpaka wanatuchoka. Na wengine saratani inawarudia mapema kuliko wenzao."

Baba Mpole akauliza, "Kwa sababu ya damu?"

"Hapo nisikudanganye, baba. Inawezekana ni damu ya mtu mwingine inayoupumbaza ulinzi wa mwili. Inawezekana pia waliowekewa ndio waliokuwa hoi tangu mwanzo. Hata sisi wenyewe tunabishana. Mimi ninachotaka ni kuipandisha damu yake mwenyewe kwanza. Tunamtundikia dripu ya madini ya chuma, anakula vizuri, tunapima. Lakini siwezi kungoja sana, huo ugonjwa haungoji mtu. Ikipanda, naingia na damu yake. Isipopanda, namwekea ya watu, na hakuna mjadala."

Mama Makochi akasogeza kiti karibu na daktari. Moyoni mwake kulikuwa kumewaka taa.

"Yaani, mwanangu daktari, kuna njia ya mimi kutoka humo bila damu ya mtu?"

"Ipo. Siwezi kukuahidi."

"Usiniahidi. Nionyeshe mlango, nitausukuma mwenyewe."

Daktari akacheka. "Mbona una haraka hivyo? Una sababu ya dini?"

"Nina wifi," Mama Makochi akasema.

Akaeleza habari ya sufuria, yote, mpaka ya msibani. Daktari akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Halafu Mama Makochi akakunja uso, akaweka sawa jambo lake. "Lakini sikia. Nikiwa nakufa, nipe. Nipe hata yake. Mimi sio mjinga, nataka kuishi. Ila kama sifi, usinipe."

"Tumeelewana," daktari akasema.

Tatizo ni kwamba hospitali ina utaratibu wake. Hupangiwi tarehe ya kisu mpaka ndugu zako wamechangia damu, akiba iwepo benki, itumike isitumike. Daktari akamwambia Baba Mpole atafute watu. Baba Mpole, katika watu wote Mungu aliowaumba, akamwambia dada yake.

Redio hakungoja aambiwe mara mbili. Akakusanya ukoo mzima, akawapanga mstari kama wanafunzi, akawapeleka. Mpwa wao muuza nyama, jitu la miraba minne linalopasua fahali kwa shoka, aliiona sindano akaenda chini kama gunia la mkaa. Shemeji mmoja akakumbuka ghafla ana safari. Redio yeye akapanda kitandani, akakunjua mkono, akatoa mpaka tone la mwisho walilomruhusu, tena akawa anaimba. Haki yake apewe, hakuogopa. Na akamwambia sista wa damu, "Uandike vizuri, sista, huu ni wa Mama Makochi. Usije ukaupeleka kwa watu."

Sista akasema, "Sawa, mama." Masista wa damu wanasema sawa kwa kila mtu, foleni isogee.

Basi kuanzia siku aliyoingia uani na pamba yake, Redio akahamia. Hakuombwa, hakukaribishwa, alikuja na mfuko wa nguo.

"Lazima niisimamie," akasema. "Damu yangu naijua mimi. Ikikuta mwili umejaa takataka, itakataa."

"Haijaingia bado, wifi," Mama Makochi akasema.

"Inatayarishiwa nyumba!"

Redio akaanza sheria. Damu yake haipatani na maini, maini hayo yanamkaba tangu utotoni. Damu yake haipendi mboga chungu. Damu yake inataka uji mweupe na utulivu. Kila alichokuwa ameagizwa Mama Makochi ale, Redio alikiondoa mezani, kisha anakaa mkabala naye kumwangalia akimeza uji. Baba Mpole akaambiwa amwambie dada yake kitu. Akaenda, akamwambia dada yake kwamba siku ile kulikuwa na joto.

Ndipo Mama Makochi na binti yake wa mwisho, Kitinda, mwanamke mzima anayeuza vitambaa mjini, wakala njama. Kila mchana Kitinda anapita kibarazani na bakuli la maini na mboga limefungwa kwenye vipande vya vitambaa, kama analeta sampuli. Mama Makochi anageukia ukutani, anakula amechuchumaa nyuma ya kochi la mteja, gundi inanukia huku maini yananukia kule. Redio akitokea, bakuli linasukumwa chini ya sponji na misumari inarudi mdomoni.

"Wifi, mbona kunanuka maini?"

Mama Makochi anaonyesha misumari mdomoni. Hawezi kujibu.

"Hiyo gundi," Kitinda anasema. "Siku hizi wanaichemsha na mifupa."

Na dripu ilikuwa inaenda. Wiki baada ya wiki Mama Makochi analazwa kwenye kiti cha hospitali, ile dawa ya chuma inashuka matone, rangi yake kama kahawa nzito, naye anaitazama ikishuka kwa jicho la fisi. "Ingia," anainong'oneza. "Ingia, mama, hapa ni kwako."

Kipimo cha kwanza baada ya dripu, nane.

Nane! Mama Makochi alitaka kuirusha nyundo barabarani. Maini yote yale, kuchuchumaa kote kule, halafu nane! Daktari akasema tusikate tamaa, chuma hakifanyi kazi siku moja, kinahitaji muda wa kugeuka damu. Akaongeza dripu nyingine. "Ila hiki kipimo kinachofuata ni cha mwisho, mama. Baada ya hapo naingia hata iweje."

Siku hizo Mama Makochi aliishi roho juu. Alikuwa akiamka anavuta ngozi ya chini ya jicho mbele ya kioo, anatafuta wekundu. Anamvuta na Kitinda. "Angalia wewe, una macho ya ujana. Kuna wekundu au hakuna?"

"Kuna, mama."

"Wekundu wa kweli au wa kunifurahisha?"

"Mama, kama ni wa kukufurahisha ningekwambia mwekundu kama nyanya."

Siku ya majibu Kitinda alienda peke yake, maana Redio alikuwa amemshika wifi yake nyumbani akimlisha uji. Mama Makochi akajitia ana kochi la haraka, akakimbilia kibarazani. Akafunga mkanda wa mpira kwenye mbao ya chini, ule wa kati, mgumu kuliko yote. Akakanyaga mbao, akavuta. Mkanda ukalia ngwiii! Akavuta tena kuhakikisha. Ukalia tena, na kibaraza hakikuzunguka.

Alikuwa bado ameushika mkanda pale Kitinda alipotokea kwenye kona anakimbia, viatu mkononi, anapiga kelele toka mbali, "Kumi na moja! Mama, kumi na moja!"

Mama Makochi akaachia mkanda, ukampiga gotini, wala hakuusikia. Akamkumbatia mwanawe, wakarukaruka kibarazani kama watoto walioona mvua, sponji zinaanguka, mteja aliyekuja kuulizia kochi lake akasimama barabarani asijue arudi au ashangilie. Redio akatoka mbio na kijiko cha uji mkononi.

"Kumi na moja nini?"

Wakaachiana haraka.

"Bei ya kitambaa," Kitinda akasema. "Imeshuka."

Siku ya kisu ukoo wote ulijipanga kwenye mabenchi ya nje ya chumba cha upasuaji. Mama Makochi alipitishwa mbele yao kwenye kitanda cha magurudumu, kofia ya kijani kichwani. Redio akamshika mkono, akamwambia kwa sauti ya watu wote kusikia, "Usiogope, wifi. Tunaingia wote." Mama Makochi akafumba macho, sio kwa kuogopa kisu. Mlangoni akamwona daktari amejifunga barakoa, akamwita kwa kidole.

"Umesahau tulivyoelewana?"

"Sijasahau, mama."

"Nikiwa nakufa tu."

"Ukiwa unakufa tu. Sasa lala."

Akalala.

Aliamka mdomo mkavu, tumbo zito kama limewekewa matofali. Kitu cha kwanza alichotafuta hakikuwa mume wala mtoto. Alitafuta kile chuma cha kutundikia dripu. Akapandisha macho polepole kwenye ule mpira, toka mkononi mwake kwenda juu, juu, juu. Mfuko ulikuwa na maji. Maji meupe! Akataka kucheka, tumbo likamkataza.

Halafu uso wa Redio ukaingia kati yake na taa.

"Wifi yangu! Nimeiona!"

"Nini?" sauti ilimtoka kama ya paka.

"Damu yangu! Kisu kiko katikati, sista akapita mbio mbele yetu na kisanduku, anasema damu, damu, nipisheni. Nikaruka nikapiga kigelegele! Nimeiona inaingia mlangoni kwa macho yangu haya mawili. Muulize kaka."

Baba Mpole alikuwa amesimama nyuma yake. Akatazama sakafu. "Kisanduku kilipita," akasema.

Yale maji yaliyotundikwa basi hayakuwa na maana. Damu ilikuwa imeshaingia, imeisha, wakabadilisha. Mama Makochi akageuzia uso ukutani. Redio akaketi kitandani, miguuni, akaanza kumsimulia mgonjwa wa kitanda cha pili, mwanamke mmoja mpishi wa shule aliyepasuliwa ugonjwa huo huo.

"Unamwona huyu? Anatembea kwa damu yangu. Nilimpa na sufuria alipoolewa."

Mama Makochi alisikia kila neno. Akaiona miaka yote iliyobaki mbele yake, kama Mungu atampa miaka. Kila akipona mafua, damu ya Redio. Kila akishona kochi likapendeza, damu ya Redio. Akifa, Redio atasimama kaburini aseme na damu yake inazikwa. Chozi likamtoka, na Redio alipoliona akalifuta kwa kidole, akamwambia mpishi, "Shukrani hiyo."

Asubuhi daktari akapita na kundi lake la wanafunzi na yule sista mnene wa chumba cha upasuaji. Akafunua bandeji, akabonyeza pembeni kwa vile vidole vyake vidogo. Pakavu. Homa hakuna. Akaridhika.

"Daktari, mwanangu," Mama Makochi akasema, "nilikuwa nakufa?"

"Lini?"

"Ndani. Wanasema ulinipa damu. Basi nilikuwa nakufa."

Mpishi wa kitanda cha pili akajiinua kwa kiwiko asipitwe.

"Kuna mshipa ulitusumbua," daktari akasema. "Nikaagiza damu isogezwe karibu, kwa sababu mimi sichezi na uhai wa mtu. Ikaja. Mshipa nikaubana, nikaufunga, ukatulia. Wewe ukawa unadunda vizuri tu na ile kumi na moja yako. Damu ikarudi friji kama ilivyokuja. Mama, hukuwekewa hata tone."

"Hata tone?"

"Hata tone."

Redio akasimama. "Haiwezekani! Nimeiona ikiingia!"

"Kuingia uliiona, mama," sista mnene akasema. "Ilipotoka wewe ulikuwa getini unapiga simu. Tulikusikia mpaka ndani."

"Basi nipeni, iko wapi? Imeandikwa Mama Makochi, nilimwambia yule sista aandike!"

"Hatuandiki hivyo. Hata huo mfuko uliopita haukuwa wako. Wako ulishatoka kitambo, wiki ile ile uliyochangia. Wodi ya wazazi, ajali, sijui. Damu ikiingia benki haina mwenyewe, ni ya atakayeihitaji."

Redio akafungua mdomo, akaufunga. Akaufungua tena, hakikutoka kitu. Miaka yote aliyomjua, Mama Makochi hakuwahi kumwona wifi yake hana neno. Angejaliwa nguvu angeinuka amshike aone kama mzima.

Ndipo kicheko kikamjia. Alikizuia, kikamshinda, kikapanda toka chini ya mshono, akashika tumbo kwa mikono miwili, "Uuwi, naumia! Uuwi, nakufa! Hata tone!" Na kilikuwa kicheko chake mwenyewe, kile chembamba cha puani, hakikufanana na cha Redio hata kidogo. Mpishi naye akaanza, anacheka huku anajishika. Wanafunzi wa udaktari wakageuka dirishani.

Tuseme na hili, maana kuna watu wakisikia nusu ya habari wanaibeba kama nzima. Yule mpishi wa kitanda cha pili aliwekewa mifuko miwili, maana yeye alivuja kweli, asingetoka mle hai. Na aliruhusiwa siku moja kabla ya Mama Makochi, anatembea mwenyewe. Kwa hiyo usiende hospitali ukaringa eti damu hutaki, umesikia hadithi ya Mama Makochi. Mama Makochi alipandisha yake kwanza. Wewe umepandisha nini? Ukiambiwa unaihitaji, kunjua mkono.

Redio alipotea wodini siku ile mpaka jioni. Baadaye ikajulikana alikuwa wodi ya wazazi, anapita kitanda hadi kitanda akiuliza nani aliwekewa damu, achungulie mtoto amefanana na nani. Mlinzi alimtoa. Sasa akipita mtaani na kuona mtoto mchanga amebebwa, anamsogelea, anamtazama sana, anasema, "Huyu inawezekana." Wazazi wanafunika watoto wao.

Mama Makochi alirudi nyumbani. Ile nyama iliyotolewa ikapimwa, na Kitinda akaleta majibu anakimbia, viatu mkononi vile vile: kingo za ile nyama ni safi, saratani haikuzivuka, na vitezi vya pembeni vyote walivyovipima havina kitu. Atakuwa anarudi kupimwa, daktari alisema wazi kwamba ugonjwa huu haudharauliwi, lakini kwa sasa ni safi. Baba Mpole akakaa chini pale pale uani, akalia kwa sauti. Wengi hawakujua kama ana sauti.

Siku ya kwanza aliyoruhusiwa kushika nyundo, Mama Makochi hakushika nyundo. Aliinama uvunguni, taratibu, mkono mmoja kwenye mshono, akaivuta sufuria. Akaisugua kwa mchanga na jivu mpaka ikawa unajiona ndani. Akaenda nayo mwenyewe kwa Redio, aliyekuwa amesharudi kwake na mfuko wake wa nguo, mchana kweupe, kwa njia ya barabara kubwa ili kila mtu aone. Daktari wa Kona akamsalimia, hakuitikiwa.

"Wifi," akasema mlangoni, "ahsante kwa kukunjua mkono wako. Hilo nalisema kwa moyo mmoja. Kuna mtu mahali anapumua kwa sababu yako. Na hii hapa sufuria yako. Nimeitumia, imenilelea watoto, sasa chukua. Kuanzia leo kilicho ndani yangu ni changu na kilicho jikoni mwangu ni changu."

Watu walishaanza kusimama. Redio akaipokea. Akaigeuza, akaigonga kwa kidole, akachungulia chini, akachungulia ndani. Mama Makochi alikuwa ameshageuka anaondoka, kichwa juu, mwepesi kama ameshusha mzigo wa kuni, sauti ilipomfikia mgongoni, kubwa, ya mtaa mzima:

"Wifi! Na mfuniko wake?"